Viluwiluwi Walionona wa Shemeji Ambrosi

Ifunda, Iringa
14 Machi, 1956

Kwa Bwana Mifugo wa Wilaya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ng'ombe wote wa Serikali. Mwezi uliopita ulimpasua mbwa wangu aliyekufa baada ya kukohoa wiki nyingi, ukanionyesha minyoo mirefu kama uzi ndani ya moyo wake. Ukasema huletwa na mbu. Sasa nimebaki na mbwa mmoja tu, Subira, anayelinda mahindi yangu dhidi ya nguruwe pori. Kwa ajili yake namlalamikia Ambrosi, kaka wa mke wangu.

1. Ambrosi hugema ulanzi, pombe itokayo kwenye mianzi, na visiki vya mianzi aliyokwisha kuikata hujaa maji ya mvua. Humo viluwiluwi wa mbu huishi wachache wachache, chakula chao tele. Hunona.

2. Kunona huko ndiko hatari, nami naomba nieleze taratibu. Mbu akinyonya damu yenye minyoo, hana budi kuibeba siku nyingi hadi ikomae. Aliyekulia katika njaa hufa njiani na mzigo wake, aliyenona hufika. Katika pipa langu viluwiluwi wamesongamana kama watoto wa darasa la kwanza, na mbu watokao humo hupeperushwa hata na kikohozi changu.

3. Nilimweleza Ambrosi haya kwa upole. Akanijibu mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani: "Shemeji, kwangu hata mbu haondoki na njaa." Watu walicheka. Subira hakucheka.

4. Kwa hiyo naomba aamriwe kuwahamishia viluwiluwi wake wote katika kisiki kimoja, wabanane, wafunge kula. Atakayeonekana amenona aelezwe kosa lake. Hilo likishindikana, visiki vyote vifukiwe udongo, na mwenye mianzi aitwe barazani bila kuangaliwa uso wala umri.

Nisalimie karani wako, mama watoto, na wote wanaouliza habari zangu, wasiouliza pia.

Wako mtiifu,
Danieli Kalinga
Mwalimu mstaafu

Baada ya sahihi: Nimemsomea mke wangu Yudith barua hii. Amenikumbusha kwamba mianzi ile ilipandwa na marehemu baba yangu, tena iko upande wetu wa mpaka. Kaka yake hugema kwa ruhusa yangu, na mtungi wa kila jioni huletwa kwangu. Basi wito nitumie mimi. Visiki naanza kuvifukia leo, hata kile ambacho bado kinagemwa kunijazia mtungi. Ila wewe njoo upesi, Bwana: Subira ameanza kukohoa.