Pantaleo Afundisha Kupangisha Nyumba

Pantaleo, dalali wa vyumba mjini Kahama, hakuwa na chumba chake mwenyewe. Alilala kwa dada yake, na dada alishaanza kumpimia ugali kwa macho. Ndiyo maana alipoona nyumba mpya ya bati jekundu pale Nyahanga, akasikia mwenye nyumba ni mama wa Ushetu aliyeijenga kwa hela za tumbaku na hajawahi kupangisha hata banda la kuku, alimshukuru Mungu kwa sauti. Tapeli naye ana ibada zake.

"Shikamoo, Mama Mbuke."

"Marahaba, baba. Mhola, mzima?"

"Mhola tu. Mama, kupangisha ni elimu. Ukiingia kichwakichwa, wapangaji watakuchuna mpaka bati. Nipe funguo nikusimamie."

Mpango ulikuwa mwepesi. Alishapokea kodi ya miezi sita kutoka kwa Athanas, mchimbaji wa Geita aliyekuwa anahamia siku hiyohiyo, kwa ahadi ya nyumba hiyo. Akipata funguo angewapangisha na wengine wawili, wakutane mlangoni na magodoro yao, yeye yuko zake Chato anakula sato.

Mama Mbuke hakutoa funguo. "Nifundishe kwanza. Mimi mshamba."

Pantaleo akafundisha. Mtu sifa zikimpanda, husema hata ukweli. "Usimpe mtu funguo kwa sababu ana ulimi mtamu! Ulizia alikotoka aliishije na watu. Mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hela kwanza, funguo baadaye. Na mpangaji asimpangishe mwingine bila ruhusa yako!"

"Maneno yananipita, baba. Mimi hujifunza kwa mikono. Tufanye kama kweli, wewe uwe mpangaji."

Pantaleo akacheka moyoni. Funguo hizo zinakuja! Mwenyekiti wa mtaa, mzee Magesa, akaitwa barazani. Pantaleo akaweka sahihi kwa mbwembwe, akakabidhi hela za Athanas kwa mikono miwili kama anayetoa mahari. Mama akazifunga kwenye pindo la kanga, akampa funguo.

"Umefuzu, mama! Haya, nirudishie hela yangu ya mfano."

"Mfano gani? Mwenyekiti, umeona mfano hapa?"

Mzee Magesa akausoma mkataba polepole. "Naona kodi ya miezi sita. Hongera kwa nyumba, kijana."

Jasho halijamkauka, Athanas akafika na bajaji ya mizigo, mke na godoro juu. Alikuwa na viganja vipana kama sepetu. "Dalali! Funguo yangu iko wapi?"

Pantaleo akamtazama Mama Mbuke kama mbuzi anavyomtazama mchinjaji.

"Hela uliyonipa ni ya huyu?" mama akauliza kwa upole.

"Ni yake, mama."

"Basi mwenyekiti, chana huo mkataba. Andika jina la mwenye hela."

Pantaleo hakupata hata shilingi ya udalali. Alipata kazi ya kuingiza godoro.

Siku ya pili alikuwa stendi, anatafuta wa kumsogezea chai, wanawake watatu wakamzunguka.

"Wewe ndiye mwalimu wa wenye nyumba?" akauliza mmoja. "Mama Mbuke anakusifu! Anasema unafundisha vizuri, na hela ya mazoezi unakuja nayo mwenyewe."

Basi la Geita lilikuwa linatoka. Pantaleo akalidandia, mguu mmoja ndani, mwingine bado Kahama.