Lakiri Nyekundu kwenye Pipa la Bi Mongia

Inatangazwa kwa fahari kwamba tangu mwezi Mei, ukungu wa mimea hauruhusiwi kutibiwa hapa Korba bila kibali cha Kamati ya Vimiminika vya Bustani. Mimi ndiye katibu. Nakala ya agizo tuliibandika mashambani ili ukungu nao usiseme haukuarifiwa.

Tulianza na Bi Mongia, mjane anayelima pilipili za kusagia harisa, ile rojo kali ya pilipili. Majani yalikuwa yameanza kuota unga mweupe, na mavuno hayo ndiyo riziki yake ya mwaka mzima. Yeye huloweka mboji kwenye pipa, hutia asali ya tende, hupuliza hewa kwa pampu ya tangi la samaki siku nzima, kisha hunyunyizia majani kesho yake asubuhi. Majirani wanasema ukungu hurudi nyuma. Majirani hawana shahada.

Mkurugenzi wetu, Bwana Lassaad, akaichukua pampu kuwa kielelezo, akalifunga pipa kwa vyuma na kulipiga lakiri nyekundu kwa siku ishirini na moja, ili sampuli isichakachuliwe.

"Mwanangu, maji hayo yana uhai," akasema Bi Mongia. "Ukiyanyima hewa yanaoza."

"Mama, kitu chenye lakiri ya serikali hakiozi."

"Na pilipili zangu je?"

"Zisubiri foleni kama raia wengine."

"Basi ziambie wewe. Labda zitaiogopa hiyo tai yako."

Nilicheka, kisha nikajiandikia onyo.

Kila asubuhi Bi Mongia alituletea jani, kila siku jeupe kuliko la jana. Nililigonga muhuri wa "Imepokelewa". Nilimwonea huruma kweli, ila fomu ya huruma hatuna.

Siku ya ishirini na moja alikuja Mkuu wa Wilaya kushuhudia lakiri ikivunjwa, na wakulima wote nyuma yake. Pipa lilikuwa limevimba.

"Bosi, limenenepa," nikanong'ona.

"Ni dalili ya ubora."

Akainama, akavunja lakiri. Kifuniko kiliruka hadi kwenye paa la jirani, na kilichobaki pipani kikamfuata Mkurugenzi, kuanzia tai mpaka viatu. Mkuu wa Wilaya alivuka barabara upesi kwenda kukagua ng'ambo.

Bi Mongia akaleta ndoo na sabuni. "Nawa, baba. Si nilikwambia?"

Kutoka ng'ambo Mkuu wa Wilaya akauliza, kitambaa puani: "Hayo maji yapo chini ya nani?"

Bwana Lassaad aliomba karatasi, akaandikia mgongoni kwangu: maji ya mboji hayajawahi kuwa, hayapo, wala hayatakuwa chini ya Kamati. Akasaini, nikagonga muhuri.

"Nipe na mimi nakala," akasema Bi Mongia, "na pampu yangu."

Jioni ile pipa jipya lilikuwa likitoa povu. Nusu ya pilipili zilipona.

Ama Mkurugenzi, Kamati imemkagua wiki tatu mfululizo, kwa umbali unaofaa. Hana ukungu hata chembe.