Gia ya Kwanza ya Gari la Kitaliano

Leo nimevuliwa nguo sokoni, jamani, na nguo nilikuwa nimevaa.

Sogeeni niwasimulie mwenyewe, kabla hamjasikia ya kuongezwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnamjua Bwana Gurdip, yule Singasinga mwenye gereji. Walowezi wawili walioondoka baada ya mashamba yao kuchukuliwa na serikali walimwachia magari awauzie. Magari ya michezo, madogo, yasiyo na paa, ukikaa ndani makalio yanakaribia lami. Moja la Kiingereza, la kijani. Jingine la Kitaliano, jekundu kama pilipili.

Asubuhi akaja daktari mmoja kijana, juzijuzi tu amerudi kutoka masomoni, anataka kununua moja. Tatizo lake, hajui achague lipi.

"Lililo na gia nzuri," nikamwambia. Nilikuwa nimepeleka lori langu pale kutengenezwa breki. Hakuna aliyeniuliza.

"Wewe unazijua gia?"

"Daktari! Miaka yote hii nashusha kahawa kutoka mlimani kwa lori. Gia zinanijua mimi!"

Tukakubaliana. Mimi niendeshe la kijani mpaka Kiboriloni, yeye anifuate na lile jekundu, kisha tubadilishane. Halafu nitoe hukumu.

Lile la kijani, wandugu, lilinipendeza. Mkono wa gia mfupi kama kidole gumba, na kila gia inaingia kwa kishindo, ka! kama komeo la mlango wa stoo. Ukirudi gia ya kwanza lazima ukanyage klachi mara mbili, kama kwenye lori. Nikawa nakanyaga hata pasipo na haja, watu wasikie. Njia nzima nilikuwa najisifu peke yangu.

Tukafika Kiboriloni. Leo siku ya soko. Na nani amepanga ndizi zake kando ya barabara? Mama Ndeshi.

Kwa wasiojua: Ndeshi ndiye binti ninayemposa. Wazee wangu wameshakwenda kwao Old Moshi mara mbili, na jibu tunalisubiri Jumapili hii. Sasa elewa hali yangu.

Daktari akasimamisha lile jekundu mbele kidogo ya ndizi za Mama, akashuka. Nami nikashuka kwenye la kijani, nikalisogelea jekundu taratibu, mkono mmoja juu ya mlango, kama mtu anayerudi kwenye mali yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Aloyce. Mae! Hilo gari ni lako?"

Nikatabasamu. (Sikusema ndiyo. Kutabasamu si kusema uongo.)

Watu wakaanza kukusanyika. Nikaona nisiwanyime elimu. Nikaingia, nikakamata mkono wa gia, nikauchezesha huku na huku gari likiwa limezimwa.

"Mnaona? Hili la Kitaliano ni laini. Ni kama kukoroga mtori wa ndizi kwa mwiko. Lile la Kiingereza linakupigia kelele, hili linakunong'oneza."

"Aloyce," daktari akasema, "gia ya kwanza ya hili gari..."

"Daktari, nakuomba uniachie mimi."

"Lakini haipo pale ambapo..."

"Daktari! Gia ya kwanza ni kushoto mbele. Tangu Adamu!"

Watu wakacheka, wakacheka upande wangu. Utamu ule! Nikawasha. Nikakanyaga klachi, nikasukuma kushoto mbele, ikaingia kama mwiko kwenye mtori. Nikamtazama Mama Ndeshi. Nikampungia mkono. Nikaachia klachi na kukanyaga mafuta kwa pamoja, ili liruke.

Liliruka kweli. Kinyumenyume!

Nilisikia Mama akipiga ukelele na kurukia pembeni, kisha mikungu ikaanza kupasuka chini ya magurudumu. Mkungu mmoja ukaanguka ndani ya gari, ukakaa kiti cha abiria. Nikapiga breki.

Sasa mtu mwenye akili angezima gari akashuka. Mimi nikajiambia, umekosea kidogo tu, sukuma vizuri zaidi. Nikasukuma kushoto mbele kwa nguvu zote, nikakanyaga mafuta.

Nyuma tena! Safari hii nikalifikia pipa la mama jirani, limejaa mbege, pombe yetu ya ndizi. Pipa likainama, likafikiri kidogo, kisha likanimwagikia lote. Kichwani, shingoni, ndani ya viatu. Pipa halina kifuniko na gari halina paa.

Mama Ndeshi akaja polepole, akasimama ubavuni mwangu.

"Aloyce. Mbele ni wapi?"

Nikanyoosha kidole, mbege inachuruzika kwenye kiwiko.

"Basi mbona unakuja huku?"

Soko zima likaanguka kwa kicheko. Daktari akainama, kwa upole wa hospitali. "Ndicho nilichotaka kukwambia. Kwenye hili, hapo ni rivasi. Gia ya kwanza ni kushoto nyuma."

"Na gari ni la nani?" Mama akamuuliza.

"Bado ni la Bwana Gurdip, mama."

Mama akanitazama. Nilitamani lile pipa linifunike.

Hakunitukana. Aliokota majani makavu ya mgomba, akasokota ngata, akanipa. Kisha akanitwisha kichwani mkungu uliosalimika. "Twende nyumbani."

Nikapanda mlima wote na mkungu kichwani kama akina mama, nikinuka mbege saa za mchana, Mama akitangulia na kusalimiana na watu wa kila kihamba, kila nyumba na migomba yake. Kila aliyeuliza alisimuliwa. Kwa vitendo!

Kwao nikamkuta Ndeshi anafagia uwanja. Alinitazama, akamsikiliza mama yake, kisha akakaa chini na ufagio wake akacheka mpaka machozi. Baba yake akatoka, akanisikia harufu, akarudi ndani. Nikasema basi, posa imekufa.

Nilipokuwa naondoka Ndeshi akanikimbilia getini.

"Baba anasema Jumapili uje. Hajawahi kumwona mwanamume anabeba ndizi za Mama."

"Kweli?"

"Kweli. Ila uje kwa miguu."

Daktari kanunua lile jekundu, anasema nimeshamjaribia. Mimi nahitaji watu wawili wa kunisindikiza Jumapili. Sharti ni moja tu: tukipita Kiboriloni, mtazame chini na mfunge midomo.