Unyayo Ule Ni Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili kanipa mjukuu wangu. Kasema: Bibi, kila ukitaka kumtukana mtu, andika humu kwanza. Haya. Mimi niliishia darasa la nne, lakini matusi nayaandika bila kosa.

Mtu wa kwanza: Kipaza.

Kipaza ni mtembeza wageni wa nyumba ya makumbusho, pale mjukuu wangu anapokata tiketi. Jina lake la kuzaliwa analo, ila mji mzima unamwita Kipaza kwa sababu ya kile kipaza sauti anachoning'iniza shingoni. Anakitumia hata akiwa na wageni wawili. Hata akiagiza chai.

Leo nimempelekea mjukuu chakula. Nikamkuta Kipaza kwenye mlango wa nyuma na kundi la wageni. Anawauliza wanaona mlango ulivyo mfupi? Ndiyo. Kwa nini? Hawajui. Kwa sababu watu wa kale walikuwa wafupi! Wageni: aaa! Wakainama, wakapiga picha. Kisha akawaonyesha unyayo mdogo ulioganda kwenye saruji, hatua mbili kutoka kizingitini. Akasema ndio ushahidi. Mtu wa kale huyo, mtu mzima, mguu kama wa mtoto.

Mtu wa kale! Mimi!

Unyayo ule ni wangu. Zamani nyumba ile ilikuwa ghala la magunia. Mwaka nilioolewa, mto ulifurika, maji yakafika kiunoni mle ndani. Mwenye ghala akamwita marehemu mume wangu, fundi mwashi asiye na mfano, ainue sakafu. Akamwaga saruji unene wa shibiri nzima. Mafuriko ya pili, miaka sita baadaye, akamwaga shibiri nyingine. Sakafu ikapanda, mlango ukabaki pale pale. Ndiyo maana ni mfupi! Hata kuku angeelewa. Mama yangu mwenyewe alikuwa mrefu kama mlingoti, vitu vya juu ya kabati alivichukua bila kigoda.

Na mimi, bi harusi wa mwezi mmoja, nilimpelekea marehemu birika la chai, nikakanyaga saruji mbichi. Hakunigombeza. Alicheka. Alisema, "Acha ukae." Hakuwa mtu wa maneno matamu. Miaka hamsini na miwili, hayo ndiyo matamu niliyonayo.

Nimemwambia Kipaza yote haya mbele ya wageni. Akanijibu kwa kipaza sauti kwamba Mama, historia imeandikwa vitabuni. Kitabu gani? Vingi. Njia ya mwongo fupi kuliko huo mlango wake.

Mjukuu kaniambia Jumamosi kinazinduliwa kibao. UNYAYO WA MTU WA KALE. Kwenye marumaru! Marumaru haifutiki.

Hakitazinduliwa. Naapa.

Jumanne, 5 Machi

Nimevaa gauni la harusi za watu, nimekwenda kwa Mkurugenzi wa makumbusho. Mwanamke mpole, miwani juu ya paji la uso, anaitafuta mezani. Kanisikiliza. Kaniuliza nina ushahidi gani. Picha? Hati?

Nikamwambia nina mguu.

Tukaenda wote mlango wa nyuma. Nikavua kiatu kwa madaha. Nikaweka.

Vidole vikapita mbele. Kisigino kikabaki nyuma. Wageni wakaja kuangalia. Kipaza akacheka, na kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, kicheko kikazunguka nyumba nzima hadi kwenye tiketi.

Nikawaeleza kwamba mguu huvimba kwa uzee. Mkurugenzi akasema pole kwa uvimbe. Akaongeza kwamba kibao kimeshachongwa, lakini nikileta ushahidi wa kweli kabla ya Jumamosi ataufikiria. Kipaza akaniambia nisijali, Mama, hata watu wa kale walikuwa na ndoto.

Nyani haoni kundule.

Jumatano, 6 Machi

Mpango: kupunguza mguu.

Asubuhi nimeuloweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Baadaye nikaufunga kitambaa, nikakaza. Baadaye nikalala chali sakafuni, miguu juu ya ukuta, ili uvimbe ushuke kichwani, ambako una nafasi.

Mjukuu akanikuta hivyo. Akasema mifupa haipungui, Bibi. Nikamwambia asinifundishe mifupa, sisi watu wa zamani tulikuwa na mifupa ya chuma, hatukuugua, meno hayakutuuma. Akaniuliza mbona nimebaki na meno tisa. Hana adabu. Amenirithi.

Nikamwambia pia Kipaza anadai watu wa kale wote walikufa wakiwa na miaka thelathini na mitano. Bibi yangu mimi alizika waume wawili na bado alikuwa anachagua! Mjukuu akacheka. Akaeleza kwamba ile ni hesabu ya wastani. Watoto wengi walikufa wachanga, ukiwachanganya na wazee hesabu inashuka katikati. Ila aliyevuka utoto alikuwa na nafasi nzuri ya kuzeeka.

Nikawakumbuka wawili wangu ambao hawakuvuka.

Nikafungua kitambaa. Mguu umekunjamana kama zabibu kavu. Ukubwa ule ule.

Alhamisi, 7 Machi

Maneno yamekwisha. Nimechukua tindo na nyundo ya marehemu chini ya kitanda. Nimevificha kwenye kikapu cha chakula, nikafunika na sahani. Mpango: kuchimba kando ya unyayo, sakafu mbili zionekane, Kipaza aone haya.

Kikwazo: Kipaza mwenyewe. Haondoki mlangoni pale.

Sasa mama yake Kipaza ni jirani yangu. Tunachangia ukuta mmoja na ugomvi wa miaka arobaini kuhusu mfereji wa maji machafu. Nikamwendea Kipaza mbio, mkono kifuani. Nikamwambia mama yake kaanguka. Maskini, alitimka kipaza kikimpiga tumboni. Nilimwonea huruma mpaka alipokata kona.

Nikachimba. Miaka sabini na miwili, lakini mikono ni ile ile. Saruji ya marehemu si ya kuchezea! Wageni wakanizunguka. Mmoja akauliza kama hii ni sehemu ya maonyesho. Nikasema ndiyo. Wakapiga makofi. Mwingine akaomba nirudie kupiga nyundo, picha haikutoka vizuri. Nikarudia.

Shimo lilipofika ukubwa wa sufuria, kikaniziba kivuli. Kipaza. Na mama yake, mzima kama ngoma, ndala mkononi. Alikuwa anaanika nguo mwanawe alipoingia analia. Akaniambia, "Shoga, unanizika mimi na nguo zangu hazijakauka?" Nikamwambia nilisema kaanguka, sikusema kafa. Ndala ikanikosa, ikampata mgeni mmoja kutoka mbali.

Mlinzi akaninyang'anya tindo. Mjukuu alikuwa amejificha chini ya meza ya tiketi, niliiona miguu yake. Mkurugenzi akafika, akapiga magoti shimoni, akashusha miwani kwa mara ya kwanza. Akatazama kwa muda mrefu. Akaagiza shimo lisifukiwe. Kesho aje fundi.

Ha!

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya ushindi wangu. Naiandika taratibu.

Fundi aliyekuja ana upara unaong'aa. Nikamtambua. Alikuwa mwanafunzi wa marehemu, akichanganya saruji na kubeba ndoo. Akaniamkia kwa heshima. Akashusha kamba shimoni, akapima. Mbele ya Mkurugenzi, Kipaza, mjukuu wangu na jirani, ambaye alikuja kuniona nikiaibika, fundi akatangaza: mke wa Fundi anasema kweli. Juu ya sakafu ya asili zimemwagwa mbili, kila moja shibiri. Ondoa zote, mlango huo unampitisha mtu mrefu yeyote bila kuinama.

Nilipiga kigelegele hadi njiwa wakaruka darini. Kipaza akakizima kipaza sauti chake mwenyewe.

Ningeondoka hapo hapo. Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini Mkurugenzi akauliza kuhusu unyayo. Niliukanyaga mafuriko yapi? Nikajibu kwa kiburi, ya kwanza, nikiwa bi harusi. Fundi akajikuna upara. Akasema unyayo huu uko kwenye sakafu ya juu. Ya pili.

Basi wangu uko chini! Nikamwamuru apanue shimo, abandue kipande cha juu mpaka kizingitini, nilipokanyaga. Akabandua. Tukainama sote.

Sakafu ya chini ilikuwa laini kama sahani.

Fundi hakunitazama usoni. Akasema, "Mama, niwie radhi. Siku ile nilikuwepo." Akaeleza kwamba nilipogeuka tu na birika langu, marehemu alichukua mwiko wa kuashia akapitisha mara mbili, ukafutika. Alimwambia kijana wake kwamba fundi haachi mguu kwenye sakafu ya watu, hata mguu wa mkewe. Nikamuuliza, na kicheko? Akasema ndiyo, alicheka. Aliendelea kucheka hata akisawazisha.

Jirani hakuweza kujizuia. Akasema ule unyayo wa juu anamjua mwenyewe wake. Akamwamuru Kipaza avue kiatu cha kushoto. Kipaza akakataa, Mama mbele za watu? Akavuliwa. Kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, kama kwenye saruji. Kumbe siku ya sakafu ya pili, mwanawe ana miaka minne, alipita mbio marehemu akiwa amekwenda kula. Marehemu aliporudi saruji imeshashika. Alimfukuza mtoto hadi mtoni. Jirani alimsugua mguu kwa mafuta ya taa hadi jioni.

Mtu wa kale ni Kipaza! Miaka yote anawaonyesha wageni mguu wake mwenyewe!

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nilipofika nyumbani nikakaa kitandani. Sikucheka tena.

Jumamosi, 9 Machi

Mgeni rasmi alikuja, viti vilipangwa, kibao kilikuwa chini ya kitambaa. Hakikufunuliwa. Mkurugenzi akasema marumaru itageuzwa, ichongwe upya upande wa pili.

Kipaza akasimama mlangoni. Sauti ndogo, hakuwasha chombo. Akasema miaka kumi na moja amekuwa akiwadanganya watu bila kujua. Watu wa kale hawakuwa vibete, sakafu ndiyo iliyopanda. Mgeni mmoja nyuma akalalamika hasikii. Basi akawasha, akarudia, na akamtaja marehemu. Fundi mwashi aliyeinua nyumba hii mara mbili mto usiishinde. Ikasikika hadi barabarani.

Vumbi likaniingia machoni. Nyumba ile haifagiliwi vizuri.

Baadaye akaja kukaa kando yangu. Akasema pole, Mama, kwa unyayo wako. Nikamwambia pole kwa kidole chako. Jirani akatuletea soda, ya kwangu ikiwa ya moto. Sikuitupa.

Nimekubali. Nilikosea miaka hamsini na miwili. Mtu asing'ang'anie asilolijua. Nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Jumatatu, 11 Machi

Wameanza kufukia shimo langu. Mkurugenzi ameacha upande mmoja wazi, utawekewa kioo, wageni waone sakafu tatu. Upande wa kizingitini unamwagwa saruji mpya.

Nimefika mapema kuwasaidia wageni, maana Kipaza sasa anaogopa kusema lolote bila kitabu mkononi. Nimewaambia habari ya mlango. Nimewaambia pia kwamba watu wa kale hatukuumwa meno kabisa. Wameandika.

Saa nne nikampelekea yule fundi mwenye upara birika la chai. Saruji ilikuwa mbichi, inang'aa. Nikavua kiatu. Nikakanyaga, mguu wote, kisigino mpaka vidole, uzito wangu wote juu yake. Safi! Hauna kasoro! Nikamwambia fundi, "Acha ukae."

Akacheka. Akasema sawa, Mama.

Nimempitia Mkurugenzi, nimemshauri aagize marumaru nyingine. Nimemwambia jirani kupitia ukutani, mara tatu, asikie vizuri. Miaka hamsini ijayo watu watapita pale na hawatabishana, watajua ni mguu wa nani.

Yule fundi ana adabu, marehemu alimfunza vizuri. Nilipofika kwenye tiketi niligeuka kumtazama. Alikuwa bado amechuchumaa pale pale kando ya unyayo wangu, mwiko mkononi, ananingoja niondoke. Anaulinda.