Nimeziuliza Zote Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa chuo ametuita mafundi wa kompyuta, yaani mimi na Kobe. Jumamosi kuna mtihani wa wasaidizi wa famasia. Watahiniwa arobaini, kompyuta arobaini, na wote wataufanya kupitia mtandao. Baraza la mitihani linataka kila kivinjari, yaani programu ya kufungulia mtandao, kiwe toleo la 120 kwenda juu. Chini ya hapo, mlango haufunguki. Orodha ya matoleo iwe mezani kwake Alhamisi. Kobe (jina nimempa mimi, kwa mwendo wake) akasema sawa, akaenda kutafuta daftari. Daftari! Karne hii!

Mimi nina njia yangu. Kuna lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Unaandika jina la kivinjari, unaacha nafasi, vistari viwili, halafu neno version, yaani toleo. Kompyuta inakutajia namba yenyewe. Na kwa kuwa zetu zimeunganishwa, naweza kuziuliza zote nikiwa nimekaa. Msimamizi wa maabara anastaafu mwisho wa mwezi. Mimi sisemi kitu. Naandika tu kwamba kiti chake kina magurudumu.

Mke wangu ni mmoja wa watahiniwa. Ameshaanguka mara mbili, na hakuna ruhusa ya mara ya nne. Anakariri majina ya dawa akifua, akipanga vyombo, hata akinigombeza. Nimemwambia alale usingizi, maabara iko mikononi mwa mumewe. Hakulala.

Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya. Amri niliichapa kwanza kwenye waraka, kwa herufi nzuri, ili nimkabidhi Mkuu kama kumbukumbu. Nikainakili kwenye dirisha jeusi. Badala ya namba, kivinjari kikafunguka. Nikarudia. Kikafunguka kingine. Mimi si mtu wa kukata tamaa, nikarudia mara kumi na saba.

Mkuu akaingia akakuta madirisha kumi na saba yamejipanga kwenye kioo. Akauliza ninatafuta nini. Nikasema napima uvumilivu wa mashine. Akatikisa kichwa, akatoka.

Kumbe ule waraka ulikuwa umeviunganisha vistari vyangu viwili ukavifanya kimoja kirefu. Nani aliuomba? Kobe alikuwa ameshamaliza kompyuta sita.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Vistari nimevichapa kwa kidole changu mwenyewe, na kompyuta ya kwanza ikajibu: 128. Ya pili: 128. Mpaka ya arobaini, 128. Dakika kumi na moja, na chai sijaiacha ipoe.

Nikaenda kumwangalia Kobe, kwa huruma tu. Maabara ile ina desturi yake. Mama Vitambaa, mhudumu anayeitunza, haruhusu kompyuta izimwe wala dirisha lililo wazi kwenye kioo lifungwe, maana anaamini ikizimwa haitawaka tena. Jioni anazifunika tu kwa vitambaa vya maua, zinalala macho. Sasa Kobe anafunua kitambaa, anainama, anabonyeza, anasoma palipoandikwa Kuhusu, anaandika, anafunika. Nikamuuliza kama mgongo haumuumi. Akanijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikacheka mpaka Mama Vitambaa akanitoa nje.

Alhamisi, 6 Machi

Orodha mbili mezani kwa Mkuu. Yangu imepigwa chapa, ina jedwali la rangi. Yake ina doa la chai. Ajabu ni kwamba hazifanani! Mimi nina 128 kote. Yeye ana kompyuta tisa zenye 115.

Nikaeleza kwa upole kwamba macho ya binadamu huchoka, hasa yakipigwa na vumbi la vitambaa, lakini mashine haina sababu ya kujisingizia. Kobe akasema hajui kwa nini zinatofautiana, ila zile tisa zenyewe zimeandika kwamba zinaomba kufungwa na kufunguliwa upya. Akaomba tuzifunge zote arobaini Ijumaa, ni kazi ya nusu saa. Nikapinga. Nikatetea desturi ya Mama Vitambaa, mimi ambaye jana alinifukuza. Ukweli, zikifungwa, watu watadhani orodha yangu ilikuwa na walakini.

Mkuu akatazama jedwali la rangi. Akasema tufuate ya fundi, yaani mimi. Kobe akakunja daftari lake akaenda zake. Kijicho hicho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepanga viti. Mke wangu nimemweka namba 14. Ndiyo iliyonijibu haraka kuliko zote. Mume gani mwingine angefikiria hilo?

Usiku aliniuliza kitu kimoja tu, kama hizo kompyuta nimeziona kwa macho. Nikasema nimeziuliza. Akarudi kwenye dawa zake.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu kamili watahiniwa wakaingia. Thelathini na moja wakaanza kuandika. Tisa wakabaki wanatazama maneno mekundu: kivinjari chako ni cha zamani. Namba 14 ilikuwa mojawapo.

Mke wangu hakulia. Aliweka mikono mapajani akanitazama. Afadhali angenitukana. Nilikimbia kwenye dirisha jeusi nikaiuliza namba 14 tena. 128! Nikaichapisha ile karatasi nikampelekea msimamizi wa mtihani kama ushahidi. Akaniambia karatasi hiyo nikaionyeshe kompyuta. Nikaionyesha. Haikubadili msimamo.

Dakika zinakwenda. Ya kumi. Ya kumi na tano. Nikawaza miaka ile yote ya kukariri akiwa na sabuni mikononi, na jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikaenda kumwita Kobe. Naandika haraka nisione haya: nilimwomba. Akaja kwa mwendo wake uleule. Akafunga kivinjari cha namba 14, akakifungua. Mtihani ukatokea. Akaenda ya pili, ya tatu, hadi ya tisa. Msimamizi akawaongezea tisa hao dakika kumi tu.

Kumbe toleo jipya lilikuwa limejiweka lenyewe kwenye kompyuta zote wiki mbili zilizopita. Zile nyingine wanafunzi walizifunga kwa siri, Mama Vitambaa akigeuka. Lakini zile tisa hazikuwahi kufungwa, na kilichokuwa wazi chini ya kitambaa kilikuwa bado ni cha zamani. Amri yangu ilisoma kilichowekwa. Kobe alisoma kinachotumika. Kwa hiyo sikukosea. Hilo naomba lieleweke.

Mke wangu alitoka wa mwisho. Alimshukuru Kobe kwa mikono miwili. Mimi akanipa mkoba nibebe. Njiani akasema maswali mawili hakuyafikia, matokeo ni baada ya wiki tatu, na mpaka hapo hataki kusikia habari ya mtihani huu kwa mtu yeyote.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na amani. Mke wangu bado ana wasiwasi, maskini, hana elimu ya mitambo. Wiki tatu za kazi gani? Nikamngoja aende sokoni, nikafungua dirisha jeusi, nikaiuliza seva, ile kompyuta kuu ya mtihani, kuhusu karatasi ya namba 14. Ikanijibu neno moja: IMEPOKELEWA.

Imepokelewa! Wangepokea karatasi ya mtu aliyeanguka? Mashine haina sababu ya kujisingizia.

Nimempigia simu mama mkwe, nikampa hongera, binti yake amefaulu. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Ameshawaarifu shangazi wote na wajomba, na wanakuja leo jioni, watu ishirini na watatu. Mke wangu hajarudi kutoka sokoni. Nimeshapanga viti.