Kuazima Chama kwa Wiki Moja

Jumanne, 22 Julai. Vihingo.

Baba Justin, salamu nyingi huko uliko. Huku nyumbani hatujambo. Justin hajambo, amekonda kidogo. Mdogo wake Petronila hajambo, yuko Tumbi na masomo yake. Dada yako Margareth hajambo, ila goti. Jirani Mwanamvua anakusalimu, anasema ulikufa ili kuukimbia utani wake.

Nakuandikia humu daftarini kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Justin ameacha kazi bandari kavu ya Kwala, anataka udiwani. Kupitia chama cha Taa, si Kinu chetu. Usinikasirikie, nilimwambia. Jumatano ya wiki ijayo Taa wanachagua mgombea wao, Justin au Latifu wa dukani. Akikosa, hana udiwani wala kazi.

Miaka ile tulijipanga mstari nyuma ya mtu wetu, kijiji kizima. Hakuna aliyeulizwa wewe wa chama gani. Mwaka huu Justin anasema kuna utaratibu mpya, wanapiga kura wanachama wa Taa peke yao. Alikuwa bado anaeleza. Sikungoja amalize, nilishapata la kufanya.

Alhamisi, 24 Julai.

Nimezunguka nyumba hadi nyumba. Nimewaambia kina mama wenzangu wa Kinu kwamba chama ni kama sare ya harusi. Upande wa bwana harusi wakikuhitaji unavaa, unacheza, kesho yake unavua, unarudi kwenu. Wiki moja tu. Saba wamekubali, mimi wa nane.

Mwanamvua alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Kaka yake Zahoro anagombea kule Kinu, siku hiyo hiyo. Lakini akasema mtani hamwachi mwenzie aaibike peke yake, atakuja. Kidawa, mmoja wa wale saba, akauliza kama kweli tutaruhusiwa. Nikamwambia maswali yake ndiyo yanayomkondesha.

Jumapili, 27 Julai.

Nilidhani kadi tutapewa kimya kimya. Kumbe Taa wanapokea watu mkutanoni, jukwaani, kwa kipaza sauti. Na ya zamani unairudisha mbele za watu. Nikatoa yangu, ile uliyonikatia mwaka tuliooana, nimesuka twende kilioni kwenye picha. Mwenyekiti akaiinua juu, akaikata kwa mkasi. Watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, ningefanyaje.

Justin alisimama pembeni, hakupiga hata makofi. Jioni akasema, mama, ungeniuliza kwanza. Akaanza tena habari za utaratibu. Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Kisha wageni wakaingia.

Jumatano, 30 Julai.

Tulifika mapema, tumependeza. Karani, kijana mwenye adabu, akaniamkia. Kisha akasema waliojiunga baada ya Juni hawapigi kura. Nikamwambia mimi ndiye mama wa mgombea. Akasema naam, bibi, shikamoo tena.

Mwanamvua akasema basi twende Kinu tukamwokoe kaka yake. Tukakimbia mpaka shuleni wanakopigia kura Kinu, goti la Margareth likiwa nyuma yetu. Kule wakasema walituona Jumapili jukwaani, majina yetu yameshatolewa. Njia nzima Kidawa alinitazama tu. Afadhali angesema.

Latifu amempita Justin kwa kura tano. Fundi Ally, mtu wa Justin tangu mwanzo, alinifuata mwenyewe. Akasema mtoto wako hana ubaya, mama, ila hatuchaguliwi mtu na watu wa Kinu. Kura amempa Latifu, yeye na wanawe wote.

Zahoro naye ameanguka kule. Kwa kura sita. Na sisi tulikuwa nane.

Alhamisi, 31 Julai.

Justin hajala tangu jana. Kwala wamemwambia nafasi yake ina mtu. Hakunilaumu. Amechukua jembe lako, analima pale pale palipokwisha kulimwa. Mwanamvua ameleta kisamvu, akakiweka mlangoni, akaondoka bila kunitukana. Sijawahi kuogopa kisamvu.

Nimelia. Halafu nimefikiri.

Uchaguzi una mambo mengi, kazi ni kazi tu. Huyo bosi wa Kwala naye alizaliwa na mama. Tukimkalia getini kina mama watano, na mananasi, atatupitaje? Wanne wamekubali. Margareth nampa nafasi ya mbele, anajua kulia kwa sauti. Kidawa ameuliza kama Justin ana habari. Nimesema ataambiwa tukirudi, itakuwa furaha ya ghafla.

Baba Justin, kama unaona hili nalo si sawa, nijulishe upesi, hata kwa ndoto. Gari linaondoka alfajiri. Nalala sasa hivi, nakusubiri.