Mwanangu Anatembea Tangu Wiki Iliyopita

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja na binti yake wa miezi kumi na mmoja. Kamsimamisha mlangoni, na binti akatembea hadi mezani kama mkaguzi wa mahesabu. Shemeji hakujisifu. Alitabasamu tu, na tabasamu hilo ndilo lililoniponza. Nikasema wangu anatembea tangu wiki iliyopita. Mke wangu akaacha kumenya viazi.

Bwana Mdogo, mwanangu, katimiza mwaka na mwezi. Hatembei. Hata kutambaa hakutambaa. Anasota kwa makalio, tena kwa kasi nzuri tu. Kwa bahati nzuri alikuwa amelala. Shemeji akasema Jumamosi atamleta Mama Mkwe ajionee mwenyewe.

Nimekwisha.

Jumanne, 4 Juni

Nimeomba ruhusa kazini (natunza stoo ya karakana ya matairi) nikampeleka kliniki. Nesi kaeleza kuwa mwili wa mtoto hukomaa kuanzia juu kushuka chini: shingo kwanza, kisha mgongo, miguu mwishoni. Wanaosota aghalabu huchelewa kutembea, wala si ugonjwa. Akaficha funguo chini ya kitambaa. Bwana Mdogo akakifunua, akazichukua, akakataa kuzirudisha. Nesi kasema akili hiyo iko vizuri sana. Akaniuliza kama kuna mahali tunawahi.

Nimetafakari njia nzima. Kama ukuaji unaanzia kichwani, basi kichwa ndicho kinachopakua kwanza na miguu inaachiwa makombo. Dhuluma!

Jumatano, 5 Juni

Nimepiga marufuku kumsemesha mtoto. Hakuna nyimbo, hakuna hadithi, mpaka miguu ipate haki yake. Mke wangu kasema sheria nzuri huanza na aliyeitunga, akaninyamazia kutwa. Jioni nimeomba chumvi kwa ishara. Nimeletewa sukari. Bwana Mdogo kajiimbia mwenyewe mpaka kalala.

Alhamisi, 6 Juni

Mbinu mpya. Watoto hujifunza kwa kuiga. Basi nimesota sebuleni, nimeshika kiti, nimesimama, nimetembea. Nikaanza upya. Hivyo hivyo jioni nzima. Goti limevimba. Bwana Mdogo kajifunza kupiga makofi. Mke wangu, aliyeamua kuvunja marufuku, kaniuliza naanza lini kuota meno.

Ijumaa, 7 Juni

Nimegundua kiini cha tatizo: kusota ni raha mno. Nani aache raha? Nimetoka kazini na kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nimekishonea kwenye makalio ya suruali yake. Hasogei! Kanata sakafuni kama stempu. Kaitazama suruali. Kanitazama mimi, kwa muda mrefu. Kisha akaivua, akasota zake uchi hadi jikoni.

Mke wangu kasema nesi hakukosea kuhusu akili.

Jumamosi, 8 Juni

Wamefika mapema, kabla sijatunga udhuru. Mama Mkwe kakaa, kanyoosha mikono, kasema tumwone huyo msafiri. Bwana Mdogo akatokea jikoni akisota, makalio wazi. Shemeji akakohoa kwa adabu. Nikasema ametembea sana asubuhi, kachoka. Nikakimbilia chumbani kutafuta suruali.

Nilikuwa chini ya kitanda niliposikia ukelele sebuleni. Nikagonga kichwa. Nikatoka na suruali mkononi. Bwana Mdogo alikuwa tayari amekaa miguuni pa Shemeji, kashika funguo za gari lake. Mama Mkwe anafuta machozi. Shemeji naye! Alitembea. Mwanangu alitembea, na walimwona wote isipokuwa mimi.

Nikataka kuuliza alianzaje, mguu gani aliutanguliza, alicheka au la. Sikuweza. Mtu haulizi kitu anachokiona tangu wiki iliyopita. Nikabaki nakunja suruali.

“Wewe huna hata mshangao, baba,” kasema Mama Mkwe. “Umeshazoea.”

Nimesema ndiyo, mama, nimezoea.

Walipoondoka nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mke wangu kanifuata, kasimama nyuma yangu.

“Aliachia goti la bibi yake,” kasema. “Akayumba. Akatazama kwanza mlango wa chumbani, anakutafuta. Ndipo akaenda.”

Nimemwomba arudie. Karudia. Nimeomba tena, kasema sasa nisimchoshe. Usiku huu naandika kwa dhati: uongo umeninyima kitu ambacho hakitarudi. Kuanzia leo, basi. Mtoto hukua kwa saa yake, na mimi nitatazama tu.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi njema. Bwana Mdogo karudia kusota, nami nimemtazama kwa utulivu mkubwa.

Saa nne Shemeji kapiga simu. Mkewe ni mjamzito. Nimempongeza kwa moyo mweupe. Nikalisikia lile tabasamu lake kwenye simu.

Nimemwambia na sisi pia.

Mama Mkwe keshaambiwa na Shemeji, kafurahi, anakuja Jumamosi na vitambaa vya kufuma. Mke wangu yuko nje anaanika nguo, anaimba. Bado sijamwarifu.